Barabara ikikatika Somanga, fedha za hoteli ya Dubai zinarudi?

MFANYABIASHARA wa Lindi au Kilwa anayefuata bidhaa Dubai ana safari mbili: ya basi hadi Dar es Salaam, kisha ya ndege. Wengi huogopa ya ndege, lakini miaka ya karibuni imeonyesha kuwa ile ya basi nayo inaweza kumtia mtu hasara.

Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Aprili 2025 ikakatika tena hapo hapo. Njia nyingine ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea hadi Makambako, mwendo usiowahi ndege ya kesho yake.

Kwa aliyelipia chumba kwa bei ya punguzo, yenye sharti kwamba fedha hazirudishwi, swali huwa moja: mafuriko si kosa lake, kwa nini asirudishiwe?

Jibu linauma. Kinachoangaliwa si kosa la nani, bali ni upande upi ulioshindwa kutimiza makubaliano. Hoteli ilikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Aliyekosekana ni mgeni.

Hali ilikuwa tofauti mwaka 2020, wakati wa corona. Saudi Arabia ilisimamisha Umra Februari 27, na China ikafungia wageni mipaka Machi 28. Airbnb nayo iliwarudishia fedha wateja wengi waliokuwa wamelipia kabla ya janga hilo kutangazwa, bila kujali sharti. Pale milango ilifungwa na serikali zenyewe, tena kwa watu wote. Mafuriko ya Somanga hayakufunga mlango wa Dubai.

Wapo wanaokimbilia Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Ni kweli kifungu cha 56 kinasema makubaliano yakiwa hayawezekani tena kutekelezwa yanabatilika, na cha 65 kinamtaka aliyekwisha kunufaika arudishe. Lakini chumba kilikuwepo, na mikataba ya hoteli za nje kwa kawaida hufuata sheria za huko. Isitoshe, wakili wa kudai dola 200 atakula zaidi ya hizo 200.

Kinachobaki ni mazungumzo, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kunyamaza. Barua pepe itumwe kabla ya siku ya kuingia, hoteli ikiwa bado na nafasi ya kukiuza chumba kwa mwingine. Iambatane na tangazo la TANROADS, tiketi ya basi na picha ya barabara. Ombi la kwanza lisiwe fedha bali kusogezewa tarehe, kwani meneja huona wepesi kubadili siku kuliko kutoa fedha zilizokwisha kuingia. Aliyepitia tovuti aiandikie na tovuti pia. Nyingi humwombea mteja, lakini neno la mwisho ni la hoteli.

Aliyelipa kwa kadi anaweza kulalamika benki, na kwa Visa muda kwa kawaida ni siku 120. Njia hiyo husaidia kama hoteli ilimnyima chumba, ilikata fedha mara mbili au ilificha sharti. Haimsaidii asiyefika.

Aliyempa wakala fedha taslimu ana kazi zaidi. Wakala akisema hoteli imekataa, aombwe maandishi ya hoteli yenyewe, maana fedha huweza kurudi zikaishia mezani kwake. Kama hakueleza sharti tangu mwanzo, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji chini ya sheria ya mwaka 2003.

Je, bei ya punguzo ni mtego? Si lazima. Tuseme chumba ni dola 250 ukiwa huru kukiacha, na dola 200 bila uhuru huo. Safari tano za bei rahisi ni dola 1,000. Kwa bei ya juu, moja ikivunjika, nne zilizobaki nazo ni dola 1,000. Anayevunja safari chini ya moja kati ya tano ananufaika na punguzo.

Kwa hiyo anayesafiri Julai au Agosti, fedha za ufuta zikiwa mkononi na mvua zimekwisha, achukue ya 200. Wa Machi hadi Mei alipe 250, au avuke Somanga siku tatu kabla na kulala gesti Dar es Salaam.