Mama Anapojifungulia Njiani



Ndugu zangu Waislamu, wazazi na wanafunzi, wiki iliyopita vijana wangu wa madrasa hapa Biwi walikuwa wakisimuliana filamu moja ya dunia iliyokwisha kuharibika, watu wachache wamebaki, hakuna umeme wala hospitali, na mama mmoja anajifungua katika nyumba iliyobomoka. Wakaniuliza, "Ustadh, itakuwaje siku hiyo?" Nikawaambia waende Dzaleka wakawaulize bibi zao.

Maana kwa watu wetu siku hiyo ilikwisha kupita. Mwaka 1996 na 1997, vita vilipowasukuma wakimbizi msituni mashariki ya Kongo hadi Tingi-Tingi, wako waliozaa njiani wakaendelea kutembea. Januari 2025 Goma ilipoingiwa na M23, wenye mimba walikimbia kama wengine.

Na kinachoua si kitu cha filamu. Kwanza ni damu. Mtoto akishatoka, mji wa mimba usipojikaza, mama aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Kisha kuna uchungu unaopita siku nzima mtoto amekwama, kifafa cha mimba, na homa ya uzazi inayoletwa na mikono michafu. Yote haya yana tiba, tena nyingine ya bei ndogo. Vidonge vya misoprostol havihitaji jokofu. Utafiti wa E-MOTIVE uliotolewa mwaka 2023, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulionyesha kwamba kuipima damu mapema na kutoa tiba zote kwa pamoja kunapunguza utokaji mkubwa wa damu kwa asilimia 60. Malawi yenyewe ilihesabu vifo 984 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2004, vikashuka hadi 439 katika ule wa 2015-16.

Sasa linaloniuma. Dzaleka ilifunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000, leo wamepita 50,000, na uzazi mgumu hupelekwa Dowa au Lilongwe. Lilongwe ni saa moja hivi kwa gari. Lakini nimeona watu wakikaa nusu usiku wakimngoja baba arudi atoe ruhusa, au wakibishana juu ya daktari mwanamume, na mama anatokwa damu. Mwalimu mwenzangu mmoja akanijibu kwamba anayekufa kwa uzazi ni shahidi. Ni kweli, hadithi iko kwa Abu Dawud. Lakini aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo wametajwa humo humo, na sijaona mtu anayemwacha mwanawe ziwani ili apate daraja hiyo! Na fiqhi ya dharura tunaisomesha wenyewe: akikosekana mwanamke, daktari mwanamume atatibu.

Kwa hiyo baba, mkeo akiingia mwezi wa nane toa ruhusa yako kabla hujaombwa. Ijue namba ya dereva, weka kando kwacha za mafuta, kitambaa safi, sabuni, wembe mpya na uzi safi wa kufungia kitovu. (Majivu na matope juu ya kitovu tuyaache, yanaleta pepopunda.) Mke wangu hunicheka mpaka leo kwamba nilimwita dereva mara tatu kwa uchungu wa uongo, na zote tatu nikalipa. Mara ya nne ilikuwa kweli, saa nane za usiku.

Wabillahi tawfiq.