Mgonjwa wa Moyo Akirudi Nyumbani, Tusimharakishie Vidonge

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya kupasuliwa moyo, majirani hufika na matunda. Wengine huja na vidonge: "Pole, mama. Miguu imevimba, meza hizi, zinaondoa uvimbe." Nia yao ni njema, lakini naona hapo ndipo tunapokosea.

Tuanze na chanzo. Ili daktari aweze kushona ndani ya moyo, moyo husimamishwa na kazi yake hufanywa na mashine. Mashine hiyo ilifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 mikononi mwa Dk. John Gibbon, huko Philadelphia, Marekani. Damu hutoka mwilini, hupita katika mipira, hutiwa oksijeni, kisha hurudi. Lakini damu huiona mipira ile kama adui, na askari wa mwili huamka wote kwa pamoja. Ndipo mgonjwa anapopata homa, mwili hujaa maji, na mapafu au figo huweza kulemewa.

Waganga walitumaini kwamba dawa kali za steroidi zingetuliza vita hiyo. Zikapimwa kwa wagonjwa 7,507 katika nchi 18, na mwaka 2015 matokeo yakachapishwa: hazikupunguza vifo. Zaidi ya hayo, walioumia misuli ya moyo walikuwa wengi zaidi kati ya waliopewa dawa hizo.

Ikiwa mabingwa wenyewe walijikuta wamekosea, sisi tunathubutuje na vidonge vya dukani? Diklofenaki na ibuprofeni huweza kudhuru figo, na kwa aliyetoka kupasuliwa moyo huweza kuleta shambulio la moyo au kiharusi. Aliyewekewa valvu ya chuma humeza wafarini maisha yake yote ili damu isigande. Akichanganya na vidonge hivyo, anaweza kuvuja damu tumboni.

Basi tufanye nini? Mgonjwa ameze alichoandikiwa tu, kwa saa yake. Apimwe uzito kila asubuhi, maana ukipanda ghafla ni dalili ya maji mwilini. Homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, pumzi ikibana au miguu ikizidi kuvimba, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Na jumuiya ikitaka kumsaidia, imchangie nauli ya kliniki. Nauli hiyo itamfaa kuliko kidonge chochote tunachomletea mfukoni.