Kabla ya Kumhukumu Mhispania, Tutazame Nira Zetu

Kijana aliyelelewa Kitui au Makueni humjua ng'ombe kabla hajaijua herufi. Ng'ombe ndiye avutaye plau mvua za vuli zinapokaribia mwezi wa Oktoba; ndiye auzwaye karo inapodaiwa; ndiye sehemu ya mahari. Basi kijana huyo akibahatika kwenda kusoma ng'ambo, na wenzake wakamwalika kutazama fahali akiuawa mbele ya umati unaoshangilia, hawezi kuketi pale kama mtalii wa kawaida. Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuketi pale.

Uwanja wenyewe ni Las Ventas, mjini Madrid, uliofunguliwa mwaka 1931 na wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 20,000. Kwa desturi huuawa fahali sita kwa alasiri moja, na wapiganaji ni watatu, kila mmoja na fahali wake wawili. Kwanza mpanda farasi humchoma fahali kwa mkuki mabegani, ili misuli ya shingo ilegee na kichwa kiiname. Kisha hudungwa vijiti vyenye ncha za chuma, vilivyopambwa kwa karatasi za rangi. Mwisho hubaki na matadori peke yake, mwenye kitambaa chekundu na upanga. Watu wengi hudhani kwamba ni wekundu unaomkasirisha fahali. La hasha. Fahali hufuata mtikisiko wa kitambaa, si rangi yake.

Fahali wa kwanza alipoanguka, niliinamisha uso. Mzee aliyeketi kando yangu akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikamjibu kwa ukali wa ujana kwamba kwetu hatuwatendei ng'ombe hivyo. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Kwenu mnawatendeaje?"

Swali hilo nimelibeba miaka mingi, nami naona linawahusu walimu na wanafunzi wetu hata leo. Nilipotaka kumjibu mzee yule, niliwakumbuka maksai wa nyumbani mwishoni mwa kiangazi. Malisho yamekauka tangu Juni au Julai, mbavu zinahesabika, na wakati huo huo ndio tunapowafunga nira ili shamba liwe tayari kabla ya mvua. Nira iliyochongwa vibaya huchubua shingo hadi ikawa kidonda, na kiboko hakipumziki. Niliwakumbuka pia ng'ombe wanaopakiwa kwenye malori katika soko la Emali, na punda wanaoteka maji kwa mwendo wa saa nyingi. Mateso ya fahali wa Madrid huchukua kama dakika ishirini. Ya maksai wetu huweza kuchukua miaka.

Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Mkulima wa Mutomo au Kibwezi hulima ili watoto wake wale. Watazamaji wa Las Ventas hulipa kiingilio ili waburudike. Kuna tofauti kubwa kati ya maumivu yaletwayo na haja na maumivu yafanywayo tamasha. Hata hivyo, haja haikutuamuru kuacha kidonda bila dawa wala kumpiga mnyama aliyekwisha choka. Hapo hatuna udhuru.

Kuna sababu nyingine inayotupasa sisi wa Ukambani tuwe waangalifu tunapohukumu mila za watu: tumewahi kuhukumiwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbooni na Kilungu zilizo Makueni leo, walikuwa na mifugo kupita kiasi. Ng'ombe wakachukuliwa na kuuzwa kwa nguvu. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka. Lakini maofisa wale hawakuuliza ng'ombe ni nini kwa mwenyewe, wala kwa nini malisho yalikuwa yamepungua ilhali ardhi nzuri ilikuwa imetwaliwa na walowezi. Mwezi wa Julai mwaka huo Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Yeye alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini serikali ililazimika kuuacha mpango wa kuwauza ng'ombe kwa shuruti.

Je, kwa hiyo tunyamaze kila tuonapo ukatili, eti ni utamaduni wa wenyewe? Hapana. Wahispania wenyewe hawajanyamaza. Visiwa vya Canary viliufungia mlango mchezo huo kwa sheria ya mwaka 1991. Bunge la Catalonia likaupiga marufuku mwaka 2010. Sheria ya nchi ya mwaka 2013 ikautambua kuwa urithi wa utamaduni. Na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikaitangua marufuku ya Catalonia. Huo ni ubishi wa watu juu ya mila yao wenyewe. Nasi tuna ya kubishania: fahali hupiganishwa na wenzao huko Kakamega, na sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo vitabuni tangu enzi za uhuru. Ni shule ngapi zimewahi kuijadili?

Mwalimu anayeandaa mdahalo kuhusu mila na desturi asiwaulize wanafunzi kama mila ni nzuri au mbaya. Awaulize nani huumia, kwa faida ya nani, na kama hapana njia nyingine. Kisha maswali hayo hayo yaulizwe kuhusu boma la nyumbani, kabla hayajavuka bahari. Nyani haoni kundule, bali mwanafunzi hupelekwa shule ili aone.

Mzee yule wa Madrid sikumjibu siku ile. Jibu lake litatoka Kitui na Makueni, katika nira iliyochongwa vizuri, lishe iliyowekwa akiba kwa ajili ya Oktoba, na kiboko kilichotundikwa ukutani.