Gwata ipi, mjomba?

Wiki iliyopita nilikorofishana na mjomba wangu. Anauza shamba lake Gwata, na kasikia kwamba siku hizi watu hawabandiki matangazo kwenye nguzo za umeme, wanalipia Google. Mimi ndiye mwandishi wa habari wa ukoo, basi kila chenye kompyuta kinaletwa kwangu.

Jambo lenyewe si gumu. Unachagua maneno ambayo mnunuzi akiyaandika Google, tangazo lako litokee. Akibofya unalipa, anunue asinunue.

Mjomba alitaka "viwanja Dar es Salaam". Nikamwambia anayeandika hivyo anataka Tegeta au Kigamboni. Atabofya, ataona Gwata, ataondoka, na hela yako imekwenda. Akasema basi tuweke "Gwata" tu. Gwata ipi, mjomba? Ipo ya Kibaha, ipo ya Kisarawe, na Morogoro Vijijini wana yao. Tena neno likitafutwa na watu wachache mno, Google hulisimamisha na tangazo halitokei kabisa.

Tukakubaliana "shamba Gwata Kibaha" na "mashamba Mlandizi", maana mtu wa Dar huijua Mlandizi kabla ya kuisikia Gwata. Tukazuia tangazo lisimtokee anayetaja Kisarawe au Morogoro. Kisha tukalielekeza kwa watu walioko Dar. Hapa wengi hukosea: shamba liko Gwata, lakini mnunuzi yuko Sinza.

Ugomvi ulianzia Kwala. Tangu bandari kavu izinduliwe pale Julai 2025, jina hilo limekuwa dhahabu. "Andika shamba Kwala, mjomba, watapiga simu wengi. Si ni wilaya hiyo hiyo?"

Nikakataa. Utaniuliza, mbona Mlandizi tuliiweka? Mlandizi ni ya kumwonyesha mtu njia tu. Tangazo lenyewe linasema wazi kwamba shamba liko Gwata. Mjomba alitaka Kwala iwe kwenye kichwa cha tangazo. Huo ni uongo, hata kama kata zote mbili zimo katika halmashauri moja ya Kibaha.

Jamani, tunajua anayetafuta ardhi mtandaoni ni nani. Ni kijana mwenye mkopo wa benki, au mzee aliyepokea mafao juzi. Hajui ramani. Anaamini jina aliloliona kwenye simu, na kwa jina hilo anatoa akiba ya miaka. Sisi wa mjini tunawalaumu sana madalali wa chini ya mwembe, lakini dalali anayenunua jina la mahali pasipo pake ni yule yule, kahamia kwenye simu tu.

Mpaka leo wamepiga simu wawili tu, na shamba halijauzwa. Mjomba bado kaninunia. Lakini wote wawili, kabla hata ya kuuliza bei, walikuwa wanajua ni Gwata ipi.