Babu yangu ni rangi gani?

Fomu ya sensa ya Marekani ya 2020 ilinifikia kwa posta hapa Columbus, Ohio. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Babu mzaa baba alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, Yemen. Mama ni Mdigo wa Kwale. Kwetu mtu akitaka kukujua huuliza wewe mtoto wa nani. Fomu iliniuliza rangi. Chini ya weupe ilitaja mifano: Wajerumani, Walebanoni, Wamisri. Chini ya weusi: Wanaijeria, Waethiopia, Wasomali. Basi nyumba moja, visanduku viwili.

Nikatafuta nani aliyepiga mistari hii. Sheria ya uraia ya 1790 iliwaruhusu wageni weupe walio huru tu; 1870 wakaongezwa wenye asili ya Afrika. Waliobaki ilibidi wathibitishe mahakamani kuwa ni weupe. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ilimkataa Takao Ozawa, Mjapani, ikisema mweupe ni Mkaukasia. Miezi michache baadaye Bhagat Singh Thind, Mpunjabi aliyevaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, akaleta hoja kwamba wataalamu wenyewe wanawahesabu watu wake kuwa Wakaukasia. Mahakama ile ile ikajibu kwamba mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida humwita mweupe. Ikafunga jalada.

Kesi iliyonigusa zaidi ni ya Ahmed Hassan, Mwarabu wa Yemen. Mwaka 1942 jaji wa Michigan alimnyima uraia kwa kuwa Waarabu si weupe. Mwaka 1944, katika kesi ya Mwarabu mwingine, jaji wa Massachusetts akaamua kwamba ni weupe. Babu angebadilika rangi akiwa amelala.

Lakini mtu mweusi hakuwa na kesi ya kubishania. Makarani wa sensa ya 1930 waliagizwa kumwandika mweusi kila mwenye mchanganyiko wa damu nyeupe na nyeusi, hata nyeusi iwe kidogo namna gani. Karani alikutazama, akaandika. Wengi walianza kujiandika wenyewe 1960 tu. Huko Virginia, sheria ya rangi ndiyo iliyokuambia umuoe nani, mpaka Mahakama ya Juu ilipoifuta marufuku ya ndoa kati ya weupe na wasio weupe 1967.

Wako wanaotaka visanduku vifutwe leo. Siungi mkono. Kwa takwimu za namna hiyo tunajua kwamba mama mweusi nchini hapa hufa kwa uzazi karibu mara tatu zaidi ya mama mweupe. Ukifuta safu, vifo vitabaki, ila havitaonekana.

Binamu yangu alinishauri nijiandike mweupe, kwa haki ya babu, nipumzike. Nilimfikiria mama, ambaye hakuna jaji angeketi hata asubuhi moja kumjadili. Nikatia alama kwenye weusi, na katika mstari wa asili nikaandika: Mswahili.