Kuliongezea gemu wachezaji si uhalifu, ila nakala umeitoa wapi?

Likizo hii mdogo wangu wa kidato cha nne aliniuliza swali nikashindwa kumjibu papo hapo. Yeye na wenzake watatu wanacheza GTA San Andreas kwenye kompyuta za mtumba. Gemu lenyewe ni la 2004, na toleo la kompyuta halikuwekewa njia ya kucheza wengi kwa intaneti. Sasa wamepata programu ya watundu inayoliongezea hiyo njia. "Dada, wewe si unasoma sheria? Tutakamatwa?"

Makamanda, jibu la mtaani ni "nimelinunua, ni langu". Hapana. Ulichonunua ni nakala, hakimiliki imebaki kwa kampuni. Na pale ulipobofya "nakubali" bila kusoma, uliingia mkataba. Kwa hiyo maswali ni mawili na watu wanayachanganya: umevunja sheria, au umevunja mkataba? Ukivunja mkataba utafungiwa akaunti au utadaiwa fidia. Huendi jela kwa hilo.

Mahakama zenyewe hazijakubaliana. Marekani, watu waliojitolea walitengeneza bnetd, seva mbadala ya magemu ya Blizzard. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikawaona na hatia ya kuvunja mkataba na kukwepa kufuli la kidijitali. Kilichowaponza zaidi ni kwamba seva yao haikuweza kutambua nakala halali na ya wizi. Ulaya, Oktoba 2024, Sony ikashindwa na Datel: programu inayobadilisha tu tarakimu zilizo kwenye kumbukumbu wakati gemu linaendelea, bila kugusa msimbo wake, haivunji hakimiliki.

Halafu kuna kituko cha FiveM. Mwaka 2015 Rockstar iliwafungia akaunti watengenezaji wake, ikisema mradi huo unasaidia uharamia. Mwaka 2023 Rockstar hiyo hiyo ikaichukua timu hiyo iwe yake. Uharamia ukageuka mali, na wachezaji walikuwa wale wale!

Turudi nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kutumia kompyuta kwa nia ya kuvunja haki hizo. Kinatenganisha adhabu ya anayefanya biashara na asiyefanya, sawa. Lakini kijana anayerekebisha nakala aliyoinunua kihalali ili acheze na rafiki zake, hakimtaji. Anabaki kwenye huruma ya mpelelezi. Na sheria hii ndiyo yenye kifungu cha 16 cha taarifa za uongo. Maneno mapana tunajua yanavyotuumiza.

Msimamo wangu: kuongeza wachezaji kwenye nakala yako halali kusiwe kosa. Ulaya tangu 1991 inaruhusu kuchambua msimbo, kwa masharti, ili programu mbili ziweze kuelewana. Sisi tunaogopa nini kuandika hivyo? Vijana wangapi wamejifunza kuandika programu kwa kuchokonoa magemu? Hoja hii iingie kwenye madai yetu ya kurekebisha sheria ya mtandao.

Mpaka hapo, kuweni makini. Tumia nakala halali. Sambaza nyongeza uliyoiandika mwenyewe, si mafaili ya kampuni. Usiingie kwenye seva za kampuni bila ruhusa, kwa sababu huo ni uingiaji usio halali, kifungu cha 4. Na usiuze.

Nilimweleza dogo yote haya, akafurahi. Nikamuuliza, "Na hilo gemu mlilinunua wapi?" Akanyamaza. Kumbe walilitoa kwenye flashi ya jirani.

Hapo ndipo penye kesi, dogo. Tukitaka sheria itutendee haki, tusiipe sababu ya bure ya kutukamata.