Salamu Isiyo na Ombi

BARAZANI, na Athumani Mbwana

Msomaji anayelijua jina langu atastaajabu kuona kwamba juma hili nimeiacha bei ya nazi na adha ya maji ya bomba nikaingia katika habari ya Krismasi, sikukuu ambayo si yangu kwa dini. Ni yangu kwa ujirani, kwa kuwa katika mtaa wetu hapa Tanga mbuzi wa Krismasi wa jirani zangu Wakristo huchinjwa kwa mkono wangu kila mwaka, ili sahani zitakapovuka ua baada ya adhuhuri pasiwepo mtu wa kujiuliza kama nyama ile ni halali kwake. Na mchinjaji, kama ijulikanavyo, hupata sehemu yake ya nyama pamoja na ruhusa ya kukaa uani na kusikia yasemwayo. Baadhi ya nitakayoyanena leo nimeyasikia huko uani, mengine nimeyasoma, na yote yanamhusu mtu ambaye sikukuu yenyewe humsahau: yule aliyeacha ahali zake akaenda kuitumikia dini yake katika nchi ya mbali, na Krismasi ikamkuta huko.

Pwani yetu inawajua watu wa namna hii tangu zamani. Mwaka 1846 Johannes Rebmann, Mjerumani mzaliwa wa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, alishuka Mombasa kumsaidia mwenzake Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemzika mkewe na binti yake mchanga ng'ambo ya kisiwa kile, wote wawili katika mwezi mmoja. Wakajenga Rabai, juu vilimani. Krapf afya ilimshinda akarejea Ulaya. Rebmann akabaki, na kukaa kwake kulifikia miaka 29 bila ya kurudi kwao hata mara moja. Watu humtaja kwa sababu mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na weupe wake kileleni, akaandika kwamba ile ni theluji, na mabingwa wa jiografia wa Ulaya, ambao hawakuwa wametoka kwenye viti vyao, wakamkadhibisha. Mimi jambo linalonishughulisha ni jingine: kwamba mtu wa Württemberg, ambaye theluji kwake ilikuwa ndiyo sura ya majira ya baridi na ya sikukuu za utotoni, aliiona kwa mbali juu ya mlima wa Wachaga, digrii tatu tu kusini ya ikweta, na hata hiyo akaambiwa kwamba haipo.

Na aifikirie msomaji Desemba ya Rabai. Kaskazi limeshika, jua linawaka tangu asubuhi, maembe yameiva hata yanaoza chini ya miti, na mtu aliyelelewa katika nchi ambayo Krismasi ni giza la saa kumi alasiri na moto wa kuni ndani ya nyumba amekaa barazani katika joto akiisubiri barua. Kabla ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, barua ya kutoka Ulaya ilisafiri miezi, ikipita katika mikono ya manahodha na makonsuli, hata salamu za Krismasi zikaweza kumfikia mwenyewe masika yamekwisha kuanza na waandishi wake wamekwisha kusahau walichoandika. Mtoto wa pekee wa Rebmann alifariki angali mchanga, na mkewe Emma akafuata mwaka 1866, akazikwa Rabai. Mwaka 1875, alipoondoka hatimaye, macho yalikuwa yamekwisha kupofuka, na aliyemshika mkono na kumwongoza katika safari ile alikuwa Isaac Nyondo, mtu wa Rabai. Mwaka uliofuata alifariki huko Kornthal, katika nchi aliyokuwa ameiacha kijana na ambayo aliporudi hakuweza hata kuiona. Sijui kama msomaji ataafikiana nami, lakini nikipima kwa insafu naona kwamba kufikia siku ile jamaa zake hasa walikuwa watu wa Rabai, na kwamba safari yake ya kurudi kwao ndiyo iliyokuwa safari ya ugenini.

Unguja nako, palipokuwa soko la watumwa pale Mkunazini, jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Sayyid Barghash kulifunga soko lile. Wanahistoria huitaja siku hiyo kwa maana yake kubwa, na ni haki yao. Mimi, ambaye nimewaona wageni wengi katika sikukuu za watu, nashuku kwamba kulikuwa pia na maana ndogo, kwamba mtu aliye mbali na kwao hana dawa ya sikukuu iliyo bora kuliko kazi, na kwamba siku ya kupanga mawe na kuita mafundi hupita upesi kuliko siku ya kukaa na kukumbuka. Miaka minne baadaye akaja Caroline Thackeray, bibi wa Kiingereza, akawafundisha huko Mbweni mabinti waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Hata alipokwisha kustaafu hakuondoka, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1926, na kaburi lake liko palepale. Mtu ambaye maisha yake ya utu uzima takriban yote yamepita Mbweni, sidhani kwamba Krismasi zake za mwisho zilikuwa na upweke ule wa zile za kwanza. Ugeni nao huzeeka ukafa, maadamu wenyeji wanauruhusu.

Karne ile imepita, barua zimekwenda zake, na umbali umepungua kwa namna ambayo Rebmann asingeisadiki. Hata hivyo wapo waliojiwekea umbali kwa ikhtiari. Vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao Nairobi na Dar es Salaam huonekana wakitembea wawili wawili, shati jeupe na kibandiko cha jina kifuani, hutumwa mbali na kwao, wanaume kwa miaka miwili na wanawake kwa miezi 18, na hadi Februari 2019 kanuni yao iliwaruhusu kuwapigia wazazi simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Mwezi huo wakubwa wao wakailegeza kanuni, wakaruhusu simu ya kila wiki, na nadhani walifanya vyema, kwani kumnyima mtoto sauti ya mamaye kwa miezi mingi ni ukali ambao sijaiona faida yake. Lakini lipo jambo moja katika kanuni ile ya zamani linalonivuta: simu ya mara mbili kwa mwaka hapana mtu ambaye angethubutu kuitumia kuomba mabati.

Nasema mabati kwa sababu mabati niliyasikia kwa masikio yangu. Jirani yangu, mama wa makamo ambaye nimekwisha kumchinjia mbuzi wengi, anaye mwana padri katika Bavaria, Ujerumani ya kusini. Wala si yeye pekee: njia ile waliyoijia kina Rebmann siku hizi inakwenda pande zote mbili. Shirika la Mitume wa Yesu, lililoanzishwa Moroto katika Uganda mwaka 1968, lina mapadri wa Afrika ya Mashariki wanaotumika hata Marekani; chama cha misheni chenye makao yake Wuppertal tangu mwaka 1996 ni mali ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani kwa pamoja, na katika watumishi wake wapo Waafrika waliotumwa kwenda kuwahudumia Wajerumani. Mapadri wa Kijerumani wamepungua, parokia zikaunganishwa tatu au nne chini ya padri mmoja, na padri huyo mmoja aghalabu ni Mhindi, au Mnaijeria, au, kama huyu wetu, mtoto wa Tanga.

Krismasi iliyopita, baada ya adhuhuri, pilau limekwisha kupakuliwa na tawi la mvinje limesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga limepambwa karatasi za rangi, simu ikalia, na uso wa padri ukatokea kwenye kioo, amevaa sweta zito, nyuma yake ukuta mweupe usio na picha. Huko aliko ilikuwa bado asubuhi, naye alikuwa kati ya misa na misa. Simu ikaanza kuzunguka ua. Mpwa wake akasema shikamoo anko, Krismasi njema, halafu ada ya Januari. Binamu akasema Krismasi njema, halafu pikipiki ya mkopo ambayo marejesho yake yamekwama. Shemeji akatoa mabati, kwa ufasaha na vipimo, geji na idadi. Mzee mmoja wa kwaya, ambaye hata si jamaa, akaipokea simu akaeleza hali ya kinanda cha parokia. Padri aliwajibu wote kwa upole, tutaona, Mungu akipenda, akicheka pale panapostahili kuchekwa, hata simu ilipomfikia mama yake mwishoni kabisa, naye hakuwa na la kuomba, akauliza tu:

"Baba, jana usiku ulikula nini?"

"Viazi na soseji, mama."

"Usiku wa Noeli?"

Akaeleza kwamba huko ndiyo desturi ya nyumba nyingi, mkesha huliwa saladi ya viazi na soseji, karamu ni kesho yake. Kwamba maduka hufungwa alasiri ya tarehe 24 yasifunguliwe hadi sikukuu zote mbili zipite. Kwamba misa ilipokwisha watu walimpa mkono mlangoni, wakamtakia heri kwa adabu kubwa, wakapanda magari yao wakaenda makwao, kwa kuwa usiku ule ni wa watu wa nyumba moja na si desturi kumkaribisha asiyekuwa wao. Akarudi katika nyumba ya mapadri, ambayo ilijengwa kwa ajili ya mapadri watatu, akachemsha viazi vyake. Mama akatugeukia sisi tuliokaa: "Amewasalisha kanisa zima, kisha amekula peke yake."

Hapa nikamkumbuka Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers aliyewaanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, ambaye aliwawekea watu wake kanuni kwamba nyumba moja wasikae pungufu ya watatu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni hadhari ya usalama tu, njia zile zilikuwa za hatari. Tangu siku ile ya viazi naiona kuwa ni kanuni ya mtu aliyeujua usiku wa sikukuu.

Najua yatakayosemwa. Wako wazee wa dini, wa dini zote, watakaosema kwamba ukiwa ni sehemu ya sadaka, na kwamba aliyeitwa hana budi kuacha baba na mama. Sibishani nao juu ya sadaka ya mtu mwenyewe, akitoa, ametoa. Ninachobisha ni sisi tuliobaki nyumbani kujipa haki ya kuuzidisha ukiwa wake na kuuita baraka. Maana mtaani kwetu aliyekwenda Ulaya, awe padri, sista au mchungaji, huhesabiwa kuwa ameula, na mtu aliyeula hana huzuni. Hajulikani kuwa na usiku mrefu, wala mafua, wala hamu ya dagaa. Nasi Waislamu tusijitoe: ndugu zetu walioko Muscat na Dubai Idi huwapita vivyo hivyo, na simu za Idi tunazowapigia zina mabati ndani yake.

Sisemi watu wasiombe. Ada ni ada, na mvua ikija bila ya bati haina utani; jamaa aliye na uwezo huombwa, ndivyo tulivyolelewa, na padri mwenyewe angetushangaa tukimfanya mgeni kwa kutomwomba kitu. Lakini mwaka una siku nyingi za kuombana. Mwezi wa Januari una siku 31, zote zinafaa.

Ombi langu kwa msomaji mwenye mtu wake huko ni dogo. Mwaka huu mpigie simu, na ukimpata mwulize alichokula, mwambie mbuzi alikuwa mnene au amekonda, nani ameoa, nani amegombana na nani, kama maembe yamezaa. Mwache acheke, kisha uiweke simu chini bila ya kuomba kitu. Na kama parokiani kwako yuko sista aliyetoka India, au padri aliyetoka Poland, au mwinjilisti kutoka Congo, usimpe mkono mlangoni ukampungia. Mtume mtoto na sahani, au mchukue mzima mzima umlete uani. Na kwa walio na mtu Ujerumani, saa zetu katika majira haya zimetangulia za kwao kwa mbili: padri anayemaliza misa ya mkesha saa sita usiku, hapa ni saa nane. Atakayeweza kukaa macho, ampigie saa hiyo.